MTO WETU HAUISHII BANANA
(Somo la jiografia: njia ya mto Kongo chini ya bahari)

Tangu primeri tulifundishwa wote ya kama mto Kongo unatoka upande wa Katanga kwa jina la Lualaba, unapita Kindu, Ubundu na Kisangani, unazunguka pori kubwa, unafika Kinshasa, unateremka maporomoko mpaka Matadi, na kisha unaingia mu bahari ya Atlantika kule Banana. Ku karte, mstari wa buluu unakatika pale. Mwalimu anaweka kidole ku Banana na anasema: «Hapa njo mwisho.»

Lakini mto hausomi karte. Nyuma ya Banana, tope la mto lingali na safari ya kupita kilometre 1.000, mu giza, chini ya maji ya chumvi, mpaka pahali penye metre karibu 5.000 za kwenda chini. Njia ile hakuna mtu aliyeipita kwa miguu wala kwa mtumbwi. Somo letu la leo ni juu ya njia hiyo, na juu ya bahari ya chini kabisa, ile inchi kubwa kupita zote za dunia yetu, na yenye kujulikana kidogo kupita zote.

1. BAHARI YA CHINI IKO NAMNA GANI?

Bahari inafunika sehemu 71 juu ya 100 za uso wa dunia. Ukipima bahari zote na kugawanya, wastani wa urefu wa kwenda chini ni karibu metre 3.700. Wenye elimu wanasema ya kama bahari ya chini inaanza ku metre 200. Sababu gani 200? Sababu kuanzia pale mwangaza wa jua hautoshi tena kwa kuotesha majani. Na kupita metre 1.000, mwangaza wa jua haufiki kabisa. Kule ni usiku tangu uumbaji.

Mambo matatu yanafanya pahali pale pawe pagumu.

a) Giza. Tumekwisha kulisema.

b) Baridi. Ku uso wa bahari, upande wetu wa Muanda, maji yako ya moto, digri 25 na kupita. Lakini chini kabisa ni digri 2 ao 3 tu. Maji hayo ya baridi yanatoka mbali, karibu na ncha za dunia. Kule yanakuwa mazito, yanazama, kisha yanatembea polepole chini ya bahari zote. Yanabeba pia oksijeni, na kwa sababu hiyo viumbe wanaweza kupumua hata chini kabisa. Hapa mulinganishe na ziwa letu Tanganika, lenye metre 1.470 na ni la pili kwa urefu wa kwenda chini katika maziwa yote ya dunia. Mu Tanganika maji ya juu na ya chini hayachanganyiki sana. Ukipita metre 200 oksijeni imekwisha, na samaki hawezi kuishi. Basi, kwa jambo hilo, ziwa letu la chini ni gumu kupita bahari.

c) Uzito wa maji. Kila metre 10 za kushuka zinaongeza kilo moja juu ya kila sentimetre moja ya mraba. Sentimetre moja ya mraba ni karibu sawa na ukucha wa kidole. Tufanye hesabu: ku metre 5.000 ni kilo 500 juu ya ukucha mmoja. Ni sawa vile kuweka mifuko 10 ya simenti, ya kilo 50 kila mmoja, juu ya ukucha wako, na tena mifuko 10 juu ya ukucha wa pili, na vivyo hivyo mwili mzima.

Mutauliza: kama ni hivyo, samaki wa kule anaishi namna gani? Jibu: kitu chenye kukandamizwa vibaya ni hewa. Mapafu yetu yamejaa hewa, na hewa inakubali kukamuliwa. Samaki wengi wa chini kabisa hawana hewa mu mwili. Ndani yao ni maji na nyama tu, na uzito wa ndani unasukuma sawa na uzito wa inje.

2. SABABU GANI TUNAIJUA KIDOGO?

Leo satelite inapiga picha ya Mwezi na ya sayari Mars, na picha zinatoka safi. Lakini mwangaza hauingii mbali mu maji, na mawimbi ya radio vilevile yanakufa upesi. Satelite inaona uso wa bahari. Haioni ardhi ya chini.

Zamani walikuwa wakipima kwa kamba yenye kufungwa kitu kizito. Hivi njo walivyofanya Waingereza wa meli Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kutoka 1872 mpaka 1876. Tarehe 23 mwezi wa tatu 1875, mu bahari ya Pasifiki, kamba yao iliteremka mpaka metre 8.184. Leo tunajua ya kama karibu na pahali pale kuko shimo lenye kupita vyote, ku metre karibu 10.900. Wakaliita Challenger, jina la meli ile.

Siku hizi tunapima kwa sauti. Meli inatuma sauti chini, sauti inagonga ardhi, inarudi. Mu maji ya bahari sauti inakwenda metre karibu 1.500 kwa segonde moja. Kama sauti inarudi nyuma ya segonde 4, ni kusema imetembea segonde 2 kushuka na segonde 2 kupanda. Basi 1.500 mara 2, jibu ni metre 3.000. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza. Lakini meli inapaswa kupita juu ya kila pahali, na bahari ni kubwa. Mpaka 2025, sehemu ya ardhi ya bahari iliyopimwa vizuri kwa namna hiyo ilikuwa robo moja tu na kidogo.

Na kuona kwa macho? Mtu wa kwanza kufika ku shimo la Challenger hakuwa peke yake, walikuwa wawili: Jacques Piccard wa Uswisi na Don Walsh wa Marekani. Ilikuwa tarehe 23 mwezi wa kwanza 1960, ni kusema mwaka uleule inchi yetu ilipata uhuru. Chombo chao, Trieste, kilibuniwa na Auguste Piccard, baba yake Jacques, aliyekuwa profesa ku chuo kikuu cha Bruxelles. Walishuka karibu saa 5 nzima, wakakaa chini dakika 20 tu, wakapanda.

Tangu siku ile vyombo vingine vingi vilishuka, vingine na watu, vingine bila watu. Lakini utafiti wenye kutolewa 2025 unasema ya kama sehemu ya ardhi ya bahari ya chini iliyokwisha kuonekana kwa macho ao kwa picha haifiki hata 1 juu ya 100.000. Ili mufahamu vizuri: mufikiri kama bahari yote ya chini ni uwanja wa mpira, kutoka goli mpaka goli. Sehemu iliyoonekana haipiti sana ukubwa wa karatasi hii munayoshika mu mikono. Zingine zote, hakuna mtu mwenye kuziona.

3. BONDE LA MTO KONGO CHINI YA MAJI

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 1886 kampuni za Waingereza zilikuwa zikitandaza kable za telegrafu kando ya Afrika ya Magharibi. Mu meli moja ya kazi ile, kwa jina Buccaneer, kulikuwa mtu wa sayansi, J. Y. Buchanan, ambaye mbele alikuwa mu safari ile ya Challenger. Walipokuwa wakipima mbele ya mlango wa mto Kongo, kitu cha ajabu kilionekana. Pande zote mbili kamba ilifika chini upesi. Lakini katikati kamba ilishuka, ikashuka, bila kugusa. Kumbe kulikuwa korongo, ni kusema bonde lenye kuta za kusimama, limekatwa mu ardhi ya bahari.

Korongo hilo ni moja la makubwa ya dunia. Halianzii mu bahari hata; linaanzia ndani ya mto wenyewe, kilometre karibu 30 mbele ya kufika Banana. Pale mto unapofika bahari, urefu wa kwenda chini katikati umekwisha kuwa metre 400 na kupita. Mbele kidogo, kuta za korongo zinasimama kupita metre 1.000. Kisha korongo linakuwa sawa mfereji, linapinda-pinda sawa vile Lualaba inavyopinda, mpaka kule metre karibu 5.000, pale tope linatawanyika juu ya ardhi tambarare.

Hivi njo tunafahamu jambo lingine lenye kushangaza. Mto Nil na mto Niger vimejenga delta kubwa ku mlango wao. Mto Kongo unapita vyote viwili kwa wingi wa maji. Unatoa kama metre kibiki 40.000 kwa kila segonde, na mu dunia nzima ni Amazon tu yenye kuupita. Lakini delta yake iko wapi? Ku karte haiko. Jibu: iko chini. Tope ambalo ku mito mingine linabaki karibu na inchi kavu, kwetu linaanguka ndani ya korongo na kwenda mbali. Delta yetu iko mu giza, kilometre mamia mengi kutoka Banana.

Jaribio la kufanya nyumbani. Chukua beseni kubwa, weka maji safi, kisha inua upande mmoja kidogo kwa jiwe, ili chini iwe na mteremko. Ngoja maji yatulie. Mu kikombe ingine changanya maji na udongo mpaka iwe tope ya majimaji. Mimina polepole ku upande wa juu, karibu na ukingo. Utaona nini? Maji ya tope hayachanganyiki mara moja na maji safi. Yanashuka chini, yanatembea juu ya beseni sawa nyoka mpaka upande wa pili, na juu maji yangali safi. Sababu maji yenye tope yako mazito kupita maji matupu. Kitu hicho kidogo ulichoona mu beseni tunakiita mkondo wa tope.

Ku mlango wa Kongo kuko neno moja la kuongeza. Maji ya mto hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi kupita maji ya bahari. Yanatandaa juu na kuendelea mbali mu Atlantika. Ni mchanga na tope yenye kuanguka. Inakusanyika mu kichwa cha korongo, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, sawa mchanga wenye kujaa ku ukingo wa shimo. Siku ingine ukingo unabomoka. Pale njo safari inaanza.

4. YALIYOTOKEA MWEZI WA KWANZA 2020

Mwisho wa mwaka 2019 mvua ilinyesha sana mu bonde la Kongo. Mto ulijaa namna yenye kutokea kama mara moja tu mu miaka 50. Watu wengi wa ukingo, Kinshasa na pahali pengine, waliona maji ndani ya nyumba. Wakati uleule, watu wa sayansi kutoka inchi mbalimbali, chini ya uongozi wa Peter Talling wa chuo kikuu cha Durham, Uingereza, walikuwa wamekwisha kufunga vyombo vya kupima mwendo wa maji ndani ya korongo. Kila chombo kilifungwa na kamba ndefu ku kitu kizito chini, na kilikuwa na kisemeo cha kutuma alama ku satelite kama kikifika juu.

Tarehe 14 mwezi wa kwanza 2020, chombo cha kwanza kilipanda juu bila kuitwa. Kamba imekatwa. Nyuma yake chombo cha pili, kisha cha tatu, kila kimoja mbali kidogo kupita chenye kutangulia. Kitu kilikuwa kikitembea mu giza na kukata kila kamba yenye kusimama mbele yake. Tarehe 16, kable mbili kubwa za simu na intaneti, SAT-3 na WACS, zilikatika pia.

Wakahesabu saa za kukatika, wakapata mwendo. Mkondo wa tope ulitoka ku mlango wa mto na ukatembea kupita kilometre 1.100 mu siku mbili. Na hapa kuko ajabu: kwa kawaida kitu chenye kutembea mbali kinachoka. Huu haukuchoka. Ulianza na metre 5 kwa segonde, ukamaliza na metre 8 kwa segonde, sawa kinga yenye kuteremka mlima. Sababu gani? Kwa kupita, ulikuwa ukikwangua ardhi ya korongo na kubeba tope mpya. Tope ilizidi, uzito ulizidi, na mwendo ulizidi. Ni sawa masengenyo: yanavyokwenda mbali njo yanavyonenepa.

Mzigo wote, kwa hesabu yao iliyotolewa 2022, ulipita tani miliari moja. Mpaka mwaka ule hakuna aliyewahi kupima mkondo wa tope wenye kutembea mbali namna hiyo ku dunia. Na hakuna mtu hata mmoja aliyeuona kwa macho.

Lakini wengi waliusikia bila kujua. WACS njo kable yenye kupanda inchi yetu kule Muanda. Mu siku zile intaneti ililegea mu inchi nyingi za Afrika, kutoka kwetu mpaka Afrika ya Kusini. Watu walilaumu telefone yao, walilaumu kampuni, wengine walipiga telefone ku meza. Kumbe sababu ilikuwa tope ya mto Kongo, ku metre elfu nyingi chini ya maji. Watu wanafikiri ya kama maneno ya telefone yanakwenda juu, ku satelite. Hapana. Karibu maneno yote yenye kuvuka bahari yanapita mu kable zenye kulala chini, na nyingi si nene kupita mpini wa jembe.

Si mara ya kwanza wala ya mwisho. Zile kable za telegrafu za zamani zilikatika mara nyingi ku mlango wa Kongo, zaidi wakati wa maji kujaa. Mwezi wa tatu 2020 kable ilikatika tena, wakati ugonjwa wa Covid ulikuwa ukianza na watu walihitaji habari kupita siku zote. Mwezi wa nane 2023 SAT-3 na WACS zilikatika tena, kwa sababu ileile. Kila mara inapaswa meli itoke, itafute ncha za kable kwa ndoano, izipandishe juu, izifunge upya. Ni kazi ya siku nyingi. Na ni lazima kwanza kujua korongo linapita wapi. Hapo munaona ya kama kuijua bahari ya chini si mchezo wa matajiri wenye kutafuta sifa.

5. WENYE KUISHI KULE

Zamani wakubwa wengi wa elimu walifikiri ya kama bila jua hakuna uhai mwingi. Kila chakula kinatoka ku majani, na majani yanatoka ku jua. Tuliandika hivyo ku tablo. Lakini mwaka wa 1977, karibu na visiwa vya Galápagos mu Pasifiki, watu ndani ya chombo Alvin walishuka metre karibu 2.500, na wakakuta chemchemi za maji ya moto zenye kutoka mu ardhi. Kando yake kulijaa viumbe: minyoo mirefu sawa fimbo, kome, kaa. Walikula nini? Bakteria ndogo sana zinatengeneza chakula kwa nguvu ya vitu vyenye kutoka mu ardhi, sawa ile hewa ya kunuka ya mayai yaliyooza. Hakuna jua mu kazi hiyo.

Mbele ya Kongo kuko pahali pa namna hiyo, pasipo maji ya moto. Panaitwa Regab. Ni shimo pana, metre karibu 3.160 chini, si mbali na korongo letu. Watafiti wa Ufaransa walituma pale chombo bila watu, Victor 6000, na picha zilionyesha kome, chaza na minyoo, kila aina na mtaa wake sawa mu kijiji. Wanaishi kwa gazi metane yenye kupanda kutoka mu ardhi. Wanafunzi wa Bukavu na Goma wanaijua metane. Ni gazi ileile yenye kukaa chini ya ziwa Kivu. Na inatoka wapi? Inatoka ku vitu vilivyooza, vilivyofunikwa na tope siku nyingi sana.

Kupita pale, ku mwisho wa korongo, karibu metre 5.000, watafiti walikuta tena chaza wengi, pahali ambapo ku bahari zingine ni karibu jangwa. Wanalishwa na nini? Na tope yenye kufika kutoka kwetu: mabaki ya majani na ya miti ya pori la Kongo, yamebebwa na mto, yakatupwa mu korongo, yakaozea kule. Fikirini jambo hilo. Jani linaanguka mu kijito kando ya Kindu, na siku moja linakuwa chakula cha kiumbe ambacho hakijui jua wala Kindu.

6. JAMBO HILI LINATUHUSU NAMNA GANI?

Mtu anaweza kusema: «Sisi tuko mbali na bahari. Mimi naishi Bukavu, bahari iko na kazi gani na mimi?» Basi afuate maji kwa kidole ku karte. Maji ya ziwa Kivu yanatoka Bukavu kwa mto Ruzizi na kuingia Tanganika karibu na Uvira. Maji ya Tanganika yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga na kuingia mu Lualaba. Lualaba njo Kongo. Na Kongo, tumeona, haiishii Banana. Hakuna mlango wa kufunga kati ya mfereji wa nyuma ya nyumba yako na giza lile la chini.

Mto una haki ya kubeba majani na mchanga. Njo kazi Mungu aliyoupa, na viumbe wa kule wanangoja mzigo ule. Lakini mto hauchagui. Ukiupa jani, unabeba jani. Ukiupa sashe, chupa ya plastiki, pile ya radio iliyokufa, mafuta ya motere, unabeba vilevile. Sashe hailiwi na bakteria sawa jani. Mwaka wa 2018 habari ilitoka ya kama mfuko wa plastiki ulionekana ku picha mu shimo la Mariana, kupita metre 10.800. Ni watu wachache sana waliofika kule. Mfuko ulikuwa umekwisha kufika. Kwa hiyo tusiseme «tumetupa». Kutupa ni kuhamisha tu. Pahali panapoitwa «mbali» pana wenyeji.

Kuko na jambo la pili. Vitu karibu vyote nilivyoandika hapa juu ya korongo letu viligunduliwa na watu wa inchi zingine, kwa meli za inchi zingine. Tunawashukuru. Lakini mto ni wetu, tope ni yetu, na kable yenye kukatika njo yenye kuleta habari kwetu. Inafaa siku moja jina la mtoto wa Lualaba lisomwe pia mu kazi hiyo. Kazi hiyo inaanza na vitu munavyolaumu kila siku: hesabu, fizika, biolojia, na lugha. Aliye na uvivu wa kugawanya 1.500 mara segonde za kurudi kwa sauti, atapima bahari namna gani?

Wapenzi wanafunzi, jioni fungueni kitabu cha Ayubu, sura ya 38, mustari wa 16. Pale Bwana Mungu anamuuliza Ayubu kama alikwisha kutembea mu vilindi vya bahari. Ayubu hakuwa na jibu. Sisi leo tuko na jibu dogo, la ukubwa wa karatasi moja mu uwanja wa mpira. Ulizo lingali palepale, na halikuulizwa ili tuache kutafuta.

MAULIZO (jibuni mu kaye, bila kuangalia gazeti)

1. Taja mambo matatu yenye kufanya bahari ya chini kuwa ngumu kwa mtu.
2. Meli inatuma sauti chini. Sauti inarudi nyuma ya segonde 6. Urefu wa kwenda chini ni metre ngapi? Onyesha hesabu.
3. Ku metre 3.160, pale Regab, ni kilo ngapi zinakandamiza kila sentimetre moja ya mraba?
4. Sababu gani mto Kongo hauna delta kubwa ku mlango wake?
5. Eleza kwa nini mkondo wa tope wa 2020 ulizidisha mwendo pahali pa kuchoka. Saidia jibu lako na jaribio la beseni.
6. Chora njia ya tone moja la maji kutoka Bukavu mpaka ku mwisho wa korongo. Andika majina ya maziwa na mito yote.
7. Ya kuzungumza mu darasa: takataka za masomo yetu zinakwenda wapi nyuma ya mvua kubwa? Mufuate mfereji kwa miguu mpaka pale munapoweza, kisha mulete habari.

Mwalimu wenu wa jiografia